Rasimu 14 zilizokwama: uchambuzi wa kisa cha tovuti ya habari inayoandikwa kwa kujitolea

Ni wiki ya kumi tangu tovuti ifunguliwe. Rasimu 14 zimelala kwenye mfumo zikimsubiri mhariri, na wiki nzima imeingia habari mpya moja tu. Kundi linakutana jioni, na kauli inayotawala kikao ni ileile inayosikika karibu kila mahali penye kazi ya namna hii: watu wamepoa, tutafute waandishi wengine. Kauli hiyo ikitekelezwa, tovuti itakufa mapema zaidi.

Kisa hiki tumekijenga kwa ajili ya uchambuzi, tukiweka mahali pamoja matatizo ambayo kwa kawaida huja moja moja. Hesabu zake ni za mfano, na msomaji anaweza kuzibadilisha kwa hesabu za kundi lake.

Hali ilivyokuwa

Mji mdogo umebaki bila gazeti. Watu tisa wanakubaliana kuanzisha tovuti ya habari za hapo, itakayoandikwa na wakazi wenyewe bila malipo. Katika mkutano wa kwanza watu 24 wanajiandikisha kuandika. Mwalimu mmoja mwenye kalamu nzuri anapewa uhariri. Ana jioni mbili kwa wiki, yaani saa sita. Kijana anayejua kompyuta anasajili jina la tovuti, anakodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kuweka WordPress, programu ya kuiendeshea. Siku ya ufunguzi, habari zote tisa zilizokuwa tayari zinapandishwa kwa mkupuo ili ukurasa usionekane mtupu.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya tano zinaingia habari saba kila wiki, jumla 28. Kuanzia ya sita hadi ya kumi zinaingia nne, tatu, mbili, mbili na moja, jumla 12. Zote pamoja ni 40. Zilizochapishwa katika wiki hizo tisa ni 26: tatu kila wiki, isipokuwa wiki ya saba zilipotoka mbili kwa sababu tutakayoieleza. Zinabaki 14.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mwisho wa wiki ya tano, kabla mtu yeyote hajasema watu wamepoa, foleni ilikuwa na rasimu 16. Mhariri anamaliza tatu kwa wiki. Aliyeleta habari Ijumaa ya wiki ya tano alikuwa anasubiri zaidi ya wiki tano kuiona. Habari ya mkutano wa wazazi ikitoka baada ya wiki tano haina maana, na aliyeiandika anajua hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Haandiki ya pili. Foleni ilirefuka kwanza, kisha waandishi wakapungua. Kundi lilisoma mfuatano huo kinyumenyume. Ukiongeza waandishi 20 wapya mbele ya meza inayotoa habari tatu kwa wiki, unachoongeza ni watu wa kukatishwa tamaa.

Dakika 110

Tuipime meza yenyewe. Habari moja ya maneno 500 kutoka kwa mtu asiyewahi kuandika habari inamchukua mhariri wa kisa hiki dakika 15 kuisoma na kuiweka sawa, dakika 40 kupiga simu kuhakikisha majina, vyeo, tarehe na kiasi cha fedha, dakika 30 kurudiana na mwandishi kuhusu kilichokosekana, na dakika 25 kuandika kichwa cha habari, kutafuta picha, kuipunguza ukubwa na kupandisha. Jumla dakika 110. Saa sita ni dakika 360. Ukigawanya unapata tatu na kidogo. Mwalimu yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya kila kitu ambacho muda wake uliruhusu.

Makundi mengi hujiuliza mapema yatapata wapi waandishi, na hayajiulizi habari moja itakula dakika ngapi za mhariri. Historia ya kazi hii inaonyesha uzito wa swali la pili. OhmyNews, tovuti ya habari ya Korea Kusini, ilipofunguliwa tarehe 22 Februari 2000 ikiwa na waandishi raia 727, yaani watu wa kawaida wasio wanahabari, ilibeba kaulimbiu kwamba kila raia ni mwandishi wa habari, lakini habari za raia hao zilipitia mikononi mwa wahariri walioajiriwa kabla ya kupewa nafasi kwenye tovuti. Kampuni ya Backfence ya Marekani ilifuata njia nyingine: mwaka 2005 ilianza kuwafungulia wakazi wa vitongoji kurasa za kuweka habari wenyewe, ikafikia tovuti 13, na mwaka 2007 ikafungwa. Sababu za kufungwa kwa kampuni huwa nyingi. Hata hivyo ukurasa ulio wazi haujazi habari wenyewe, na usio na mhariri huleta hatari ya aina nyingine. Mwezi Oktoba 2008, kwenye iReport ya CNN, ambako mtu yeyote aliweza kuweka taarifa bila kupitiwa kwanza, iliwekwa taarifa ya uongo kwamba Steve Jobs amepata shambulio la moyo, na bei ya hisa za Apple ikaporomoka kabla taarifa haijaondolewa.

Kwa hiyo uhariri hauondolewi. Unachoweza kufanya ni kuzigawa zile dakika 110.

Dakika 40 za simu zirudi kwa mwandishi. Sheria iwe moja na isiwe na msamaha: habari haipokelewi bila karatasi ya uthibitisho chini yake, yenye jina la kila mtu aliyenukuliwa kama alivyolitamka na kuliandika mwenyewe, namba yake ya simu, saa mliyozungumza, na chanzo cha kila tarakimu. Karatasi hiyo haichapishwi. Mhariri anachagua mambo mawili tu na kuyapigia simu, dakika kumi. Akikuta kosa hata moja, habari nzima inarudi. Waandishi huelewa haraka, na baada ya habari ya tatu karatasi huja imekamilika.

Dakika 30 za kurudiana hutokana na habari iliyoandikwa kabla ya kukubaliwa. Mtu analeta maneno 1,200 kuhusu historia ya soko wakati kilichotakiwa ni tangazo la kuhamishwa kwa soko. Tiba yake ni wazo la sentensi tatu linalotumwa kabla ya kuandika: nini kimetokea au kitatokea, kinamhusu nani, utazungumza na nani. Mhariri wa zamu anajibu ndani ya saa 24, akitaja urefu na siku ya kukabidhi. Kurudiana kunashuka hadi dakika 15.

Dakika 25 za kupandisha hazihitaji mhariri kabisa. Katika kila kundi wapo wanaopenda kusaidia lakini hawapendi kuandika, na hao husahaulika siku ya kwanza kwa sababu fomu ya kujiandikisha iliuliza tu nani anataka kuandika. Wawili wao wanatosha kwa kupandisha habari, kupunguza picha na kuandika maelezo ya picha.

Mhariri sasa anabaki na kusoma 15, kuhakikisha 10 na kurudiana 15. Dakika 40. Saa zake sita zilezile zinatoa habari tisa, na hajaongezwa mhariri hata mmoja. Inafaa waongezwe wawili, wapokezane zamu ya wiki moja moja, kwa sababu mhariri wa pekee akiugua tovuti nayo inaugua. Ila wasiongezwe kabla ya kazi kupangwa. Wahariri watatu wenye utaratibu mbovu husahihisha habari ileile mara tatu kwa njia tatu tofauti, na mwandishi hajui amsikilize yupi.

Kilichokuwa ndani ya habari 40

Nusu ya habari zilizoletwa zilikuwa maoni, na hilo lisimshangaze mtu. Maoni yanaandikwa ukiwa umekaa nyumbani. Habari inakutaka ukae saa tatu kwenye mkutano wa baraza la mji, kisha usubiri katibu akupe takwimu. Anayejitolea akiachwa achague mwenyewe, ataandika kinachomkera. Msomaji naye anataka kujua maji yatakatika lini, barabara ipi itafungwa, nani amefariki, timu imefungwa mabao mangapi, na ada mpya inaanza lini.

Tovuti za kujitolea zinazodumu husimama juu ya kazi ndogo zinazojirudia. Kalenda ya wiki, yenye siku, saa, mahali na kiingilio, ndiyo sehemu ya kuanza nayo: mtu mmoja huikamilisha kwa saa mbili, haihitaji kipaji cha uandishi, na humleta msomaji kila wiki. Ya pili ni ripoti ya mkutano wa baraza, na hii ipewe kiolezo kilichochapwa ambacho mwandishi anaingia nacho ukumbini. Nini kimeamuliwa. Kura ngapi za ndiyo, ngapi za hapana, nani hakupiga. Kiasi gani cha fedha na kutoka fungu lipi. Uamuzi unaanza lini. Nini kimeahirishwa na kitarudi lini. Mtu asiyewahi kuandika habari akiyajaza matano hayo, aya ya kwanza imeshapatikana, na maneno 300 yanatosha. Sehemu ya majadiliano, ambayo waandishi wapya huiandika kwa mfuatano kama kumbukumbu za kikao tangu sala ya kufungua, ikatwe bila huruma.

Yafaa pia kukumbuka uwiano alioueleza Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, mwaka 2006 kuhusu ushiriki katika intaneti: kati ya watu 100, 90 husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ni kanuni ya makadirio, lakini inasaidia kupanga. Kati ya wale 24, andaa ratiba kana kwamba watano watabaki. Wakibaki kumi, umepata ziada.

Barua ya wiki ya saba

Wiki ya saba ilitoka habari kwamba zabuni ya kukarabati barabara ilipewa kampuni fulani kwa sababu mwenye kampuni ni ndugu wa mjumbe wa baraza. Chanzo kilikuwa ujumbe wa sauti mmoja kwenye kundi la WhatsApp. Si mjumbe wala mwenye kampuni aliyepigiwa simu. Mwandishi aliweka neno “inadaiwa” mara mbili na kuamini limemkinga. Siku mbili baadaye ikaja barua ya wakili, na ndiyo sababu wiki ile zilitoka habari mbili tu. Usiku ule kundi likaifuta habari kimyakimya, asubuhi picha za ukurasa ule zikawa zinazunguka kwenye simu za watu, na sasa kulikuwa na tuhuma mbili: ya kuchafua jina, na ya kuficha.

Neno “inadaiwa” halisafishi chochote. Katika sheria za nchi nyingi, anayerudia kashfa huwajibika kama aliyeianzisha, hata akisema ameisikia kwa mwingine. Na tuhuma yenyewe ilikuwa na vipande viwili vya uzito tofauti. Undugu ni jambo la kuthibitishwa au kukanushwa. “Kwa sababu ya undugu” ni madai ya rushwa, na hayathibitishwi na undugu. Mhariri mzoefu angeuliza maswali matatu kabla ya kuruhusu herufi moja: walioomba zabuni ni wangapi na bei zao ni zipi, mjumbe alitangaza maslahi yake na kutoka ukumbini au alipiga kura, na kila mmoja wao anasemaje. Huenda majibu yangetoa habari nzito zaidi, au yangeonyesha kwamba hakuna habari.

Kumtafuta mtuhumiwa kuna adabu yake. Tumia njia mbili, simu na barua pepe au barua ya mkono. Mweleze tuhuma kamili, kwa sababu “tunaomba maoni yako kuhusu barabara” haimpi nafasi ya kujibu. Mpe muda unaolingana na uzito wa jambo. Kwa tuhuma isiyo na haraka, siku mbili au tatu za kazi. Andika saa ulizompigia. Akikataa kujibu, sema hivyo kwa maneno ya kawaida, na jibu lake likija baadaye liingizwe ndani ya habari ileile.

Barua ikishafika, mfuatano wa kufuata ni huu. Hifadhi nakala ya habari kama ilivyokuwa, pamoja na rasimu, karatasi ya uthibitisho na mazungumzo yote. Mtu mmoja tu azungumze kwa niaba ya kundi, na waandishi wasijibizane mitandaoni. Pitieni habari sentensi kwa sentensi mkiuliza ushahidi uko wapi. Isiyo na ushahidi iondolewe, na mahali pake ikae taarifa inayotaja tarehe, kilichosemwa kimakosa na kilicho sahihi, bila kukirudia kwa namna inayoongeza madhara. Kabla ya kujibu barua yenyewe, tafuteni mwanasheria. Vyama vya waandishi na vitengo vya msaada wa sheria vya vyuo vikuu wakati mwingine hupokea kazi kama hizi. Baada ya hapo kundi liliweka kanuni tunayoiunga mkono kwa nguvu: habari yoyote inayomtaja mtu kwa kosa, wizi, ugonjwa au mwenendo, au inayomgusa mtoto, husomwa na watu wawili, na mmoja wao akisema hapana, haitoki.

Kuna jambo dogo lililoibuka kundi lilipokuwa likiijadili barua ile. Mwandishi wa habari ile alikuwa amegombea ujumbe wa baraza na kushindwa. Hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hakusema. Fomu ya kujiandikisha iulize kazi ya mtu, uanachama wake na ndugu zake walio katika uongozi. Mwenye maslahi haondolewi kundini. Anapewa eneo lingine la kuandika.

Mitambo

Hapa tutapita haraka, maana makosa ya mitambo yanatibika kwa mchana mmoja, isipokuwa moja.

Ndani ya WordPress waandishi wote walipewa ngazi ya mchangiaji, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: mchangiaji anaandika na kuwasilisha, hawezi kuchapisha. Ila kwa mpangilio wa kawaida mchangiaji hawezi pia kupandisha picha, na hakuna aliyewaambia. Picha zikawa zinatumwa kwa WhatsApp, zikifika zimeminywa ubora, bila jina la mpiga picha wala maelezo ya nani yuko wapi. Moja iligundulika imechukuliwa kwenye tovuti ya mpiga picha wa kulipwa. Rekebisho: picha zitumwe kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama faili la hati, ambalo haliminywi, jina la faili libebe tarehe, mahali na jina la mpiga picha, mpandishaji aipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 na uzito usiozidi kilobaiti 300, ili msomaji mwenye bando dogo asiteseke. Ngazi ya mwandishi, inayoruhusu mtu kuchapisha kazi yake mwenyewe, asipewe yeyote.

Kosa lisilotibika kwa mchana mmoja ni jina la tovuti. Lilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya yule kijana, ambaye baadaye alihamia mbali na kubadilisha anwani. Vikumbusho vya kulipia vikawa vinakwenda kusikosomwa. Kwa majina yanayoishia na .com au .org, kampuni inayosajili majina inaweza kutoa siku kadhaa za nyongeza baada ya muda kwisha, hadi 45. Jina likifutwa linaingia siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku tano za kusubiri, halafu linakuwa huru kwa yeyote duniani. Majina ya nchi yana kanuni zake. Sajili kwa anwani ya kundi inayosomwa na watu watatu, lipia miaka miwili au mitatu kwa pamoja, na tarehe ya kwisha iingie kwenye kalenda ya kila mmoja wao. Nakala rudufu ya tovuti nzima itoke kila wiki na ikae nje ya seva. Angalau mara moja mtu ajaribu kuirudisha, maana nakala isiyowahi kujaribiwa haijulikani kama ni nakala.

Kila mwandishi atie saini ukurasa mmoja unaosema kazi inabaki mali yake, tovuti ina ruhusa ya kuichapisha na kuihifadhi, na kwamba maneno na picha ni vyake. Bila ukurasa huo, anayeondoka kwa hasira anaweza kudai kila alichoandika kiondolewe.

Kufungua kwa mara ya pili

Kundi lilisimama wiki tatu. Safari hii lilikusanya habari 12 zisizochacha haraka, likafungua na nne, na nane zikabaki akiba ya wiki zenye ukame. Siku za kutoka zikawa mbili, Jumatatu na Alhamisi, na kila Alhamisi jarida fupi la barua pepe likabeba vichwa vya habari na kalenda. Siku zilizotangazwa humfundisha msomaji kurudi, na humpa mwandishi tarehe ya kukabidhi ambayo habishani nayo.

Zikabaki zile rasimu 14. Wapo waliotaka zifutwe ili kuanza upya, na hilo lingekuwa kosa kubwa, kwa kuwa nyuma ya kila rasimu kuna mtu aliyetoa jioni yake na hajajibiwa. Wahariri, ambao sasa walikuwa watatu, waligawana majina na kupiga simu ndani ya siku tatu. Ujumbe wa maandishi haukuruhusiwa. Rasimu sita zilikuwa zimepitwa na wakati, na waandishi wake waliombwa radhi, kisha wakapewa kila mmoja mkutano au tukio la wiki inayofuata. Tano zilikuwa maoni, zikafupishwa hadi maneno 250 na wenyewe, zikaenda kwenye safu ya barua za wasomaji. Tatu zilikuwa habari nzima, zenye majina na tarakimu zinazothibitika, zilizosubiri tu zamu yao, na zilitoka katika wiki ya kwanza zikiwa na tarehe ya kuandikwa juu yake.